Utumbo Unaoungua: Antioksidanti, Asali na Hukumu za Mgonjwa



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu wanafunzi, muhula huu katika darasa za baada ya Alasiri tumesoma mlango wa twahara na mlango wa saumu kwa madhehebu ya Imamu Shafii (r.a.). Tulipofika kwa mwenye udhuru wa kudumu, maswali yalizidi muda, na karibu yote yalihusu tumbo. Mtu anayekwenda chooni mara kumi kwa siku atatawadha vipi? Ni mgonjwa gani anayeruhusiwa kula mchana wa Ramadhani? Na ile chupa inayouzwa Ijumaa nje ya msikiti, yenye maandishi “Antioksidanti ya Kisunna, tiba ya utumbo”, je, inamtosha mtu aache vidonge vya hospitali?

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari. Kwa hiyo niliwaendea ndugu zetu wa kitivo cha tiba wakaniazima vitabu vyao, na sehemu ya sayansi ya darasa hili wameisoma kabla ya kuchapishwa. Sehemu ya fikihi ameipitia ustadhi wetu.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe sugu wa utumbo ni jina la pamoja la magonjwa mawili. Wa kwanza ni kolaitisi ya vidonda. Huu hushika utumbo mpana peke yake, ukianzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka mahali, na vidonda vyake viko kwenye utando wa ndani tu. Wa pili ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa utumbo. Huruka sehemu nzima ukashika nyingine, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo, wakati mwingine mpaka ukautoboa.

Mgonjwa huharisha, mara nyingi kwa damu na makamasi. Tumbo humsokota, hukonda, huishiwa damu, na huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kisha ugonjwa hutulia, pengine kwa miezi, mpaka watu wa nyumbani wakadhani umekwisha, halafu huripuka tena. Hauna sababu moja. Kuna urithi, kuna vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo, kuna mambo ya chakula na mazingira, na juu ya yote kuna kinga ya mwili iliyoanza kupigana na haijui kusimama. Hauambukizi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona mtu akitengewa sahani yake wakati wenzake wanakula sinia moja.

Oksijeni inapogeuka

Tuingie sasa katika lile neno la kwenye chupa. Ili kujua antioksidanti ni nini, lazima tujue inazuia nini.

Kila seli ya mwili hutumia oksijeni kuchoma chakula na kupata nguvu. Kazi hiyo hufanyika ndani ya vyumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, na kama jiko lolote, cheche chache huruka. Cheche ya kwanza huitwa supaoksaidi. Ni molekuli ya oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada isiyo na mwenzake. Vitu vya namna hii huitwa radikali huru, na tabia yao ni kuvuruga elektroni za jirani: hugusa mafuta ya kuta za seli, protini, hata DNA. Anayetaka kuona jambo la aina hiyo bila darubini aangalie bati linavyopata kutu, au anuse mafuta ya karanga yaliyokaa wazi mpaka yakachacha. Ni oksijeni ile ile tunayovuta.

Sasa, mwili haukuachiwa cheche hizo kama ajali tu. Unazitengeneza kwa makusudi, kama silaha. Katika chembe nyeupe za damu kuna askari wanaoitwa nyutrofili. Wakimmeza kijidudu, huwasha kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidesi kinachomwaga supaoksaidi kwa wingi. Supaoksaidi hugeuka haidrojeni peroksaidi, ile ambayo tukiiweka kwenye kidonda hutoa povu. Kisha kimeng'enya kingine, maiyeloperoksidesi, huichanganya na kloraidi ya chumvi iliyomo mwilini na kupata asidi ya haipoklorasi. Hii ni jamaa wa karibu kabisa wa dawa tunayotumia kung'arisha kanzu nyeupe. Yaani askari huyu hubeba dawa ya madoa mfukoni na kummwagia adui. Bakteria wengi hawatoki salama hapo.

Tatizo la utumbo ulioshikwa na ugonjwa huu ni kwamba askari wameitwa kwa maelfu na hakuna anayewaambia warudi kambini. Wanajazana katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo na kumwaga dawa yao mahali pasipo na adui wa kutosha. Utando wa mwenye nyumba ndio unaoungua. Hata kipimo kimoja kinachotumika hospitali kufuatilia ugonjwa huu hutegemea jambo hilo: hupima katika choo protini inayoitwa kalprotektini, ambayo hutoka kwa nyutrofili. Ikiwa nyingi, ina maana askari wako utumboni.

Kisha damu huanza kuvuja, na hapa mambo huharibika maradufu. Damu ina madini ya chuma. Mwaka 1894 mkemia wa Cambridge, Henry Fenton, alieleza namna chuma na haidrojeni peroksaidi vinavyofanya kazi pamoja. Leo tunajua mkutano wao huzaa haidroksili, radikali kali kuliko zote zilizotajwa. Kwa hiyo kidonda huvuja damu, chuma cha damu hukoleza moto, moto huzidisha kidonda. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii aliyepungukiwa damu wakati ugonjwa umeripuka, madaktari wengi hupendelea kumpa chuma kwa mshipa kuliko kwa vidonge, kwani chuma cha vidonge kisichofyonzwa hubaki pale pale utumboni. Kwa faida ya anayekimezea nyumbani: vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, usikimbie ukidhani ni damu. Lakini kama humezi chuma na choo chako ni cheusi kama lami, kimbia.

Walinzi

Allah (s.w.) hakuuacha mwili bila walinzi. Wa mstari wa mbele ni vimeng'enya. Supaoksaidi dismutesi, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, huichukua supaoksaidi na kuifanya haidrojeni peroksaidi. Hapo bado hatari haijaisha, imebadilika sura tu. Ndipo wanapokuja katalesi na glutathaioni peroksidesi wakaigeuza kuwa maji. Maji! Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga kidogo nikasema subhanallah, nikaendelea.

Angalieni lakini jambo moja. Mlinzi wa kwanza akifanya kazi haraka na wa pili akachelewa, peroksaidi itarundikana katikati. Kuongeza mlinzi mmoja bila mwenzake si lazima kuwe faida. Kinachotakiwa ni uwiano, na uwiano huo ndio unaopotea mtu anapokuwa katika hali inayoitwa msongo wa oksidesheni: vichomaji vimezidi vizimaji.

Walinzi hawa wanahitaji vifaa. Glutathaioni peroksidesi haifanyi kazi bila madini ya seleniamu. Dismutesi inahitaji shaba na zinki, na ile iliyo ndani ya mitokondria inahitaji manganizi. Katika kuta za seli hukaa vitamini E, na inapochoka vitamini C huihuisha. Kisha kuna glutathaioni yenyewe, ambayo seli hujitengenezea kutokana na vipande vya protini. Wataalamu wamekuta imepungua katika sehemu za utumbo zilizovimba. Chakula cha kawaida kinatoa sehemu kubwa ya vifaa hivi: karanga, mayai, samaki, maharage, mapera, lengalenga. Mgonjwa hukosa kwa sababu mbili, hali vizuri na hata anachokula hakifyonzwi vizuri.

Mpaka hapa muuza chupa atasema: umenisaidia kutangaza. Ikiwa moto ni oksijeni, basi zima oksijeni, na dawa ninayo. Hapana, asiharakishe.

Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa nadra unaoitwa ugonjwa sugu wa granuloma. Nyutrofili zao hazina ile NADPH oksidesi inayofanya kazi. Askari wanameza kijidudu lakini hawana dawa ya kummwagia. Kwa hesabu ya muuza chupa, watoto hawa wangekuwa watu wa mwisho duniani kupata uvimbe wa utumbo, kwa kuwa moto hawana. Kumbe ni kinyume. Mbali na maambukizi ya mara kwa mara, wengi wao hupata uvimbe wa utumbo unaofanana sana na ugonjwa wa Crohn. Maana yake ni kwamba cheche zile zile, kwa kiasi chake, ni ujumbe pia. Husaidia kuua wavamizi na husaidia kuiambia kinga itulie kazi ikiisha. Seli hata huzitumia kama king'ora cha kuamsha walinzi wake yenyewe. Aliyezima king'ora hajazima moto.

Mimi si katika wale wanaopenda kuchukua kila jambo la maabara na kusema lilikuwa katika Qur'ani miaka 1400 iliyopita. Qur'ani ni kitabu cha uongofu na haihitaji glutathaioni kuitetea. Ila kwamba vitu vimeumbwa kwa kipimo, hilo Qur'ani imelisema wazi, na anayesoma habari hii ataliona bila kulazimishwa.

Kidonge chenye historia

Dawa zinazotumika zaidi kwa kolaitisi ya vidonda isiyo kali ni za jamii ya mesalazini, na namna ilivyopatikana inafaa kusimuliwa hapa. Daktari wa Sweden, Bi Nanna Svartz, alikuwa anatafuta dawa ya maumivu ya viungo. Aliunganisha dawa ya kuua bakteria, salfapiridini, na jamaa wa aspirini, akapata salfasalazini, aliyoiandikia mwaka 1942. Wagonjwa wenye kolaitisi walioitumia wakapata nafuu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni nusu ipi ya dawa inayofanya kazi.

Jibu lilipatikana Oxford mwaka 1977, na mtafiti wa kwanza katika utafiti huo ni Muislamu kutoka Bangladesh, Dkt. A. K. Azad Khan, akiwa na Piris na Truelove. Walifanya jambo jepesi ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: waliwapa wagonjwa dawa kwa njia ya haja kubwa, wengine dawa nzima, wengine nusu hii, wengine nusu ile. Walioipata salfapiridini peke yake hawakupata faida kubwa. Walioipata nusu nyingine, ambayo leo ndiyo mesalazini, walipona sawa na waliopata dawa nzima. Kumbe salfapiridini ilikuwa kama gari tu la kuibeba mesalazini mpaka utumbo mpana, ambako bakteria wa utumbo hukata kiungo na kuiachia. Dkt. Azad Khan alirudi kwao, akaja kuongoza jumuiya ya wagonjwa wa kisukari ya Bangladesh.

Na mesalazini inafanya nini? Inafanya zaidi ya jambo moja, lakini moja lake ni kunasa radikali huru pale pale zinapotoka. Kwa maneno mengine, kidonge cha hospitali ambacho muuza chupa anamwambia mtu akiache, chenyewe ni antioksidanti, na kinafikishwa hasa mahali penye moto.

Asali, habbat sauda na manjano

Rafiki yangu mmoja, aliyeniruhusu nimtaje bila jina, ana kolaitisi ya vidonda. Alikuwa ametulia kwa mesalazini karibu mwaka mzima. Akanunua chupa mbili, akaambiwa kwamba kuchanganya na vidonge ni udhaifu wa tawakkul. Akaviacha. Wiki tatu za mwanzo alijisikia vizuri, na hii haishangazi, kwani ugonjwa uliotulia hauripuki siku ile ile unapoacha dawa. Mwezi wa pili tulimbeba usiku. Aliongezewa damu, akakosa mitihani yote ya muhula.

Muuzaji alikuwa na hoja ya hadithi, kwa hiyo tuiangalie hadithi yenyewe. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.): mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akilalamika juu ya tumbo la ndugu yake lililofunguka, akaamrishwa amnyweshe asali. Akarudi akisema haikumzidishia ila kuharisha. Akaamrishwa tena, na tena, mpaka yule ndugu akapona. Ibnul-Qayyim katika Zaadul-Maad ameisimamia hadithi hii kwa utabibu wa zama zake. Anaeleza kwamba kuharisha kule kulitokana na shibe iliyozidi, kwa hiyo kilichofaa ni kulisaidia tumbo litoe kilichomo. Na kurudia-rudia kunaonyesha kwamba dawa lazima iwe na kipimo kinacholingana na ugonjwa. Huyu ni mwanachuoni mkubwa, na angalieni anachokifanya: anauliza kwanza ni kuharisha kwa aina gani. Swali hilo muuzaji hakumuuliza rafiki yangu. Asali ina sukari ya matunda kwa wingi, na kwa utumbo uliovimba kijiko baada ya kijiko kinaweza kuzidisha kuharisha.

Habbat sauda ni hivyo hivyo. Hadithi yake ni sahihi, nayo inasema ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Lakini al-Khattabi, na baada yake wafafanuzi wengi wa hadithi, wamefahamu kwamba tamko hilo ni la jumla na makusudio yake ni mahsusi, yaani magonjwa yanayolingana na tabia ya dawa hiyo. Ndani yake mna kitu kinachoitwa thaimokwinoni, ambacho katika majaribio ya panya waliosababishiwa kolaitisi kimepunguza uharibifu. Panya si mtu. Anayeipenda aile kama Sunna, aweke kwenye mkate, ila asiifanye badala ya matibabu yaliyothibiti.

Mfano mzuri zaidi ni manjano, hii tunayotia kwenye mchuzi. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua wagonjwa 89 wa kolaitisi ya vidonda waliokuwa wametulia. Wote waliendelea na salfasalazini au mesalazini. Nusu wakaongezewa kurkumini, kiini cha manjano, gramu 2 kwa siku kwa miezi 6. Katika waliopata kurkumini, ugonjwa uliripuka kwa 2 kati ya 43. Katika wengine, 8 kati ya 39. Ni utafiti mdogo, lakini unatia moyo. Nataka msomaji aone neno “wakaongezewa”. Hakuna aliyeambiwa aache dawa yake.

Na anayedhani vidonge vya antioksidanti haviwezi kudhuru, asome habari za Finland. Wanaume 29,133 wavutaji sigara walipewa vitamini E, beta-karotini, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa, ili kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wa nchi za malaria. Wapo wengi miongoni mwetu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho kazi yake ni kuipa glutathaioni nguvu mpya ndani ya chembe nyekundu za damu. Huishi maisha yao yote bila kujua, mpaka wapewe dawa fulani na chembe zao zianze kupasuka. Primakwini ya malaria ni moja ya dawa hizo. Salfasalazini nayo imo, na hata vitamini C ikipigwa kwa mshipa kwa dozi kubwa. Antioksidanti yenyewe inageuka kichomaji! Kwa hiyo ukianzishiwa salfasalazini, muulize daktari kuhusu G6PD, na ukipata mkojo wa rangi ya chai nyeusi na macho ya manjano, rudi siku hiyo hiyo.

Si kila damu ni amiba

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, mwenye choo cha damu hupewa metronidazoli kwa kudhaniwa ana amiba, lakini dhana hiyo si sahihi kila mara. Kuhara damu kwa bakteria kupo, kifua kikuu cha utumbo kipo na kinafanana mno na ugonjwa wa Crohn. Taabu huanza pale mtu anapopewa dawa ya amiba mara ya tano kwa mwaka na hakuna anayeuliza mbona hairudi nyuma. Anayeharisha damu zaidi ya wiki kadhaa, au inayorudi kila akimaliza dozi, anahitaji kipimo cha choo maabara na kuangaliwa utumbo kwa kamera katika hospitali ya rufaa.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Mtu akisikia “uvimbe wa utumbo” akajinunulia prednisoloni dukani, na kumbe ana amiba au kifua kikuu, dawa hiyo itaishusha kinga na ugonjwa utamla. Utumbo unaweza kutoboka. Prednisoloni ni ya kuandikiwa baada ya vipimo, na aliyekuwa anaitumia kwa wiki nyingi asiiache ghafla hata kidogo.

Hukumu

Turudi kwenye maswali ya darasani. Kujitibu kumeamrishwa katika hadithi ya Usama bin Shariik (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, na wanaoamrishwa humo ni waumini wenye kutawakali. Basi lile la “udhaifu wa tawakkul” halina msingi.

Twahara: ikiwa kuna muda unaojulikana ambao tumbo hutulia kiasi cha kutawadha na kuswali, mgonjwa ausubiri muda huo maadamu wakati wa swala haujatoka. Ikiwa hakuna, basi huyo ni mwenye udhuru wa kudumu. Katika madhehebu yetu atajisafisha, atajifunga kitu cha kuzuia, atatawadha baada ya wakati wa swala kuingia, na ataswali bila kuchelewa. Udhu huo ni wa faradhi moja na sunna azitakazo. Kikimtoka kitu katikati ya swala, swala yake ni sahihi. Kwa Mahanafi udhu wake unamtosha wakati wote wa swala ile. Kuhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa ugonjwa, kauli mashuhuri ya Mashafii ni kwamba haifai, lakini Imamu Nawawi ameitia nguvu kauli ya kujuzu, na Mahanbali wanajuzisha. Asiyeweza kwenda jamaa ana udhuru, na asihesabiwe mvivu wa Alfajiri.

Saumu: aya za 184 na 185 za Suratul-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ugonjwa ukiwa umeripuka, mtu anaharisha na kupoteza maji na chumvi, afungue, na akihofia kuangamia basi kufungua ni wajibu. Ukiwa umetulia, wengi huweza kufunga kwa idhini ya daktari. Mesalazini ya vidonge kwa mgonjwa aliyetulia hufanya kazi vile vile ikinywewa dozi yote mara moja kwa siku, hivyo muulize daktari uihamishie futari au daku. Ambaye madaktari wameona hali yake haitarajiwi kuruhusu saumu tena, atatoa kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, wala halipi.

Dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa madhehebu yetu, hubatilisha saumu, na kamera ya utumbo ni hivyo hivyo. Ibn Taymiyya ana kauli ya kwamba dawa ya namna hiyo haibatilishi, na wapo wanachuoni wa leo wanaoifuata. Lakini dawa hiyo ya mesalazini kwa kawaida huwekwa wakati wa kulala ili ikae usiku kucha, kwa hiyo mgonjwa aliyetulia aiweke baada ya Tarawehe na atoke katika hitilafu. Kamera ipangiwe mwezi mwingine, na kama haingojeki, ifanywe na siku hiyo ilipwe.

Wallaahu aalam.